Ishara, Kumbukumbu na Ukimya katika Océanie, le ciel na Océanie, la mer za Henri Matisse, 1946–1948

IKISIRI

Insha hii inachunguza Océanie, le ciel na Océanie, la mer, vipande viwili vya kitani vilivyochapwa kwa skrini jijini London kutokana na karatasi zilizokatwa na Henri Matisse mwaka 1946. Lengo lake ni kueleza namna maumbo meupe ya ndege, samaki, matumbawe na mwani yalivyopata nguvu ya kiishara, na kubainisha kilichoachwa nje ya ishara hizo. Uchambuzi unaongozwa na mgawanyo wa ishara uliopendekezwa na Charles Sanders Peirce. Insha inadai kwamba ishara za Océanie zilichujwa mara tatu: kwa kumbukumbu, kwa mkasi na kwa skrini. Mchujo huo ndio ulioyapa maumbo uwezo wa kubeba maana pana, na ndio uliowaondoa watu wa Tahiti katika taswira ya visiwa vyao.

1.0 Utangulizi

Katika majira ya kiangazi ya mwaka 1946, Henri Matisse alikuwa na umri wa miaka 76 na alikuwa akikaa katika nyumba yake iliyoko boulevard du Montparnasse jijini Paris. Kwa mujibu wa maelezo ya Lydia Delectorskaya, msaidizi wake wa miaka mingi, msanii huyo alikata umbo la mbayuwayu kutoka kwenye karatasi ya kuandikia barua, kisha akaomba libandikwe ukutani ili lifiche doa lililokuwa likimkera. Umbo hilo halikukaa peke yake kwa muda mrefu. Liliongezewa samaki, kisha matumbawe, kisha majani, hadi kuta za chumba zikaenea maumbo meupe yaliyoshikiliwa kwa pini juu ya rangi ya hudhurungi hafifu ya ukuta. Maumbo hayo ndiyo yaliyozaa kazi mbili zinazojadiliwa hapa.

Kazi hizo zimezoeleka kusifiwa kwa wepesi na utulivu wake. Sifa hiyo ni ya haki, lakini imefunika maswali matatu. Swali la kwanza linahusu aina: je, ni sanaa dhahania, au ni picha za viumbe vinavyotambulika? La pili linahusu hadhi: je, kitambaa kilichochapwa katika nakala 30 ni kazi ya sanaa yenyewe, au ni nakala tu ya kazi iliyokuwa ukutani? La tatu, ambalo ndilo zito zaidi, linahusu historia: kwa nini kazi inayoitwa kwa jina la eneo lenye watu, lililokuwa chini ya utawala wa Ufaransa, haina mtu hata mmoja ndani yake? Insha hii inashikilia kwamba maswali haya hayawezi kujibiwa moja moja, kwa kuwa jibu la kila moja limo katika namna kazi zilivyotengenezwa.

2.0 Usuli: Uchapaji wa Skrini Kufikia Mwaka 1946

Uchapaji wa skrini ni mbinu ya kupitisha wino kwenye wavu mwembamba, ambao awali ulikuwa wa hariri, uliowambwa kwenye fremu. Sehemu zisizotakiwa kuchapwa huzibwa kwa kiolezo au kwa gundi; sehemu zilizo wazi huruhusu wino kupita unaposukumwa kwa ubao wenye ukingo wa mpira. Mbinu hii ni ndugu ya violezo vya karatasi vilivyotumiwa na wachapaji wa vitambaa wa Japani kwa karne nyingi. Huko Ulaya, Samuel Simon wa Manchester alipata hataza ya mbinu hii mwaka 1907, na kwa miongo mitatu iliyofuata ilitumika zaidi katika mabango, matangazo ya madukani na vitambaa.

Jitihada za kuiingiza mbinu hii katika uwanja wa sanaa zilishika kasi nchini Marekani. Mwaka 1938, chini ya mpango wa serikali wa kuwapatia wasanii ajira wakati wa mdororo wa uchumi, Anthony Velonis aliongoza kitengo cha uchapaji wa skrini jijini New York. Katika kipindi hichohicho lilibuniwa neno serigrafia, ili kutenganisha chapa za wasanii na zile za biashara. Kubuniwa kwa neno hilo kunaonyesha wazi kuwa hadhi ya mbinu hii ilikuwa bado na mashaka: kama isingetiliwa shaka, isingehitaji jina jipya la kuitakasa.

Katika sekta ya vitambaa, skrini ilikuwa na faida iliyo dhahiri. Uchapaji kwa rola ulihitaji kuchongwa kwa silinda za shaba, gharama ambayo ililipa tu iwapo kitambaa kingechapwa kwa maelfu ya mita. Skrini ilitengenezwa kwa gharama ndogo, ikafaa kwa matoleo machache na kwa michoro mikubwa isiyojirudia. Zika Ascher, mzaliwa wa Prague aliyehamia London mwaka 1939 pamoja na mkewe Lida, alijenga kampuni yake ya vitambaa juu ya faida hiyo. Baada ya vita aliwaendea wasanii mashuhuri, miongoni mwao Henry Moore na Matisse, akiwaomba michoro ya kuchapwa kwenye mitandio ya hariri. Ombi hilo ndilo lililomfikisha kwa Matisse mwaka 1946, na ndilo lililokutana na maumbo yaliyokuwa yakiongezeka ukutani.

3.0 Mkabala wa Uchambuzi

Uchambuzi wa insha hii unaongozwa na mgawanyo wa Peirce unaotofautisha aina tatu za uhusiano baina ya ishara na kinachoashiriwa. Ikoni huashiria kwa kufanana, kama mchoro wa samaki unavyofanana na samaki. Kielekezi huashiria kwa uhusiano wa kimaumbile au wa kisababishi, kama unyayo unavyoashiria aliyepita. Ishara ya kimapatano huashiria kwa mazoea ya jamii, kama njiwa anavyosomwa kuwa amani.

Faida ya mgawanyo huu kwa mada iliyopo ni kwamba hauruhusu haraka ya kutafsiri. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, kwa mfano, anaweza kuyatambua mara moja matumbawe, mwani na yavuyavu kwa kuwa ni viumbe anavyovijua. Utambuzi huo ni wa ngazi ya ikoni tu. Kuanzia hapo, maana haitoki kwenye kiumbe chenyewe bali kwenye historia ya aliyemkata, mbinu iliyomhifadhi na jina lililopewa kazi. Msomaji huyohuyo amezoea kanga, ambayo jina lake, yaani maandishi yaliyochapwa juu yake, huelekeza namna ya kulisoma pambo. Vitani vya Océanie havina maandishi ya aina hiyo. Kinachobaki kumwongoza mtazamaji ni anwani pekee: Oseania, anga, Oseania, bahari.

4.0 Uchambuzi na Mjadala

4.1 Tahiti ya Mwaka 1930

Matisse aliwasili Papeete, mji mkuu wa Tahiti, mwishoni mwa Machi 1930 baada ya kupitia New York na San Francisco, na akaondoka katikati ya Juni. Alikuwa na umri wa miaka 60, na uchoraji wake wa rangi ulikuwa umekwama. Katika safari hiyo alichora kwa penseli na wino na kupiga picha, lakini hakurudi na kazi kubwa ya rangi. Alitembelea pia visiwa vya matumbawe vya Apataki na Fakarava katika funguvisiwa la Tuamotu, ambako aliogelea katika maji tulivu yaliyozingirwa na miamba, akitazama chini ya maji kwa miwani ya kuogelea. Baadaye alieleza namna alivyokuwa akizamisha kichwa na kukiinua, akilinganisha mwanga wa chini na wa juu.

Tukio hili la kutazama pande mbili za uso wa maji ni muhimu kuliko orodha ya viumbe alivyoviona. Linaeleza kwa nini kazi zilizozaliwa miaka 16 baadaye ni mbili, na kwa nini mpaka kati yake haushikiki. Katika maandishi mafupi aliyoyatoa kuhusu vipande hivyo, Matisse mwenyewe aliviunganisha na safari ya 1930, akieleza kwamba kumbukumbu zilizokuwa zimelala zilimrudia kwa nguvu baada ya miaka mingi.

Kati ya safari na kazi kulikuwa na vita, na kulikuwa na maradhi. Mwezi Januari 1941 Matisse alifanyiwa upasuaji mkubwa mjini Lyon kwa sababu ya saratani ya utumbo, na tangu hapo uwezo wake wa kusimama mbele ya turubai ulipungua sana. Mkasi ulimwezesha kufanya kazi akiwa ameketi au amelala kitandani. Kwa hiyo, bahari ya Océanie ilikatwa na mtu ambaye hakuwa tena na uwezo wa kuiingia.

4.2 Kutoka Ukutani hadi Kwenye Kitani

Kazi ya kuhamisha maumbo kutoka ukutani ilihitaji uangalifu. Mahali pa kila umbo palinakiliwa kwa ukubwa wake halisi, na violezo vikasafirishwa hadi London. Kitani kilitiwa rangi ya hudhurungi hafifu ili kilingane na rangi ya ukuta wa Paris, na maumbo yakachapwa juu yake kwa wino mweupe. Kila kipande kina upana unaozidi mita 3.5 na kimo kinachozidi mita 1.6, na kila kimoja kilitolewa katika nakala 30. Uchapaji ulikamilika mwaka 1948, na katika mradi huohuo Ascher alichapa pia vitambaa vya ukutani vya Henry Moore.

Uamuzi wa kulinganisha rangi ya kitambaa na ukuta una maana kubwa katika kujibu swali la hadhi. Kama lengo lingekuwa kunakili maumbo peke yake, yangeweza kuchapwa kwenye kitambaa cha rangi yoyote. Kwa kuutia ukuta wenyewe ndani ya kazi, mchapaji na msanii walikiri kwamba nafasi iliyo kati ya maumbo ni sehemu ya kazi. Ukuta wa chumba cha kupanga unaweza kubomolewa au kupakwa rangi upya. Kitani kinaweza kukunjwa, kusafirishwa na kutundikwa Washington au Canberra. Hivyo, kilichokuwa mpangilio wa muda kilipata mwili wa kudumu.

Hata hivyo, uhamishaji huo ulikuwa na gharama. Karatasi iliyobandikwa kwa pini hujikunja pembeni, hutupa kivuli chembamba, na hutikisika upepo unapopita. Chapa haina lolote kati ya hayo. Tatizo hili lilimsumbua Matisse mwenyewe katika kazi nyingine. Kitabu chake Jazz, kilichotolewa na Tériade mwaka 1947, kilichapwa kwa violezo kwa kutumia rangi zilezile alizozitumia katika karatasi zake, na bado hakuridhika. Aliona kwamba uchapaji ulikuwa umeziondolea karatasi hizo uhai wake.

Tofauti iliyopo ni kwamba Jazz ina rangi nyingi zinazogusana, na uhai wake ulitegemea namna karatasi moja ilivyoilalia nyingine. Océanie ina weupe mmoja juu ya uwanja mmoja. Mzigo wote wa maana unabebwa na ukingo, yaani mstari ambapo mkasi ulipita. Ukingo huo, kwa istilahi ya Peirce, ni kielekezi: unaonyesha mwendo wa mkono, mahali ulipogeuka na mahali uliposita. Skrini huhifadhi ukingo vizuri kuliko kitu kingine chochote. Kwa sababu hiyo, mbinu iliyodhaniwa kuwa ya madukani ndiyo iliyofaa zaidi kutunza kilicho kiini cha kazi. Nyuzi za kitani nazo hunywa wino bila ulinganifu kamili, na hivyo kurudisha sehemu ya ule mtetemo uliopotea pamoja na karatasi. Vipande hivi ni kazi kamili yenye mwili wake, na si vivuli vya ukuta wa Paris.

Mazingira ya kuzaliwa kwa Matisse yanaufanya uamuzi huu usiwe wa kushangaza. Alizaliwa Le Cateau-Cambrésis mwaka 1869 na kukulia Bohain, mji wa wafumaji wa kaskazini mwa Ufaransa uliojulikana kwa vitambaa vya fahari. Kwake, kitambaa hakikuwa daraja la chini la sanaa. Kilikuwa lugha ya kwanza aliyoiona ikisemwa.

4.3 Maumbo ya Anga na Bahari

Mtazamaji anayetarajia ndege katika kipande cha anga na samaki katika kipande cha bahari hukuta matarajio yake yakivunjika. Viumbe vya juu na vya chini vimechanganyika. Ndege wanapaa karibu na maumbo yanayofanana na mwani. Matumbawe yanaelea pasipo mwamba wa kuyashikilia. Hakuna mstari wa upeo wa macho, hakuna jua, hakuna kina wala kivuli. Maumbo hayakupangwa kwa ukubwa wa kimaumbile: jani linaweza kuwa kubwa kuliko ndege.

Kwa kuzingatia sifa hizo, swali la iwapo kazi ni dhahania linahitaji jibu la ngazi mbili. Katika ngazi ya umbo mojamoja, ikoni haijafutika. Ndege bado ni ndege. Katika ngazi ya mpangilio, udhahania umekamilika, kwa kuwa mahali, uzito na umbali vimeondolewa. Katika mazungumzo yake na mwandishi Louis Aragon wakati wa vita, Matisse alisisitiza kwamba msanii hupaswa kuzivumbua ishara zake mwenyewe za vitu, badala ya kuazima zilizokwisha kuwapo. Ishara ya namna hiyo haielezi kiumbe kwa ukamilifu wake. Inabakiza kile kisichoweza kuondolewa bila kiumbe kutoweka. Maumbo yenye vidole vilivyopindapinda, ambayo mtazamaji hushindwa kuamua kama ni mwani, matumbawe au jani la nchi kavu, ndiyo mfano bora. Utata wake si udhaifu wa uchoraji. Ndio unaoruhusu umbo moja kuishi angani na baharini kwa wakati mmoja.

Ishara hizi, kwa hiyo, hazina maana moja ya kimapatano inayoweza kuorodheshwa kama kamusi. Kumsoma kila ndege kuwa roho, au kila samaki kuwa uzazi, ni kuleta mapatano yaliyotoka kwingine. Maana inayoweza kuthibitishwa kutokana na kazi yenyewe ni ya uhusiano: kutokuwapo kwa mpaka kati ya juu na chini. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya kichwa kinachozama na kuinuka katika maji ya Fakarava, ikiwa imegeuzwa kuwa kanuni ya mpangilio.

4.4 Nafasi Tupu na Watu Wasioonekana

Sehemu kubwa ya kila kipande ni tupu. Wahakiki wengi wameusoma uwazi huo kuwa pumzi na mwanga. Usomaji huo unakubalika, ila unaacha nje jambo moja: Tahiti ya 1930 haikuwa tupu, na ya 1946 haikuwa tulivu.

Ushahidi wa kwanza ni wa sanaa yenyewe. Wanawake wa Tahiti walikuwa, na bado ni, mafundi wa tifaifai, matandiko makubwa ambayo maumbo ya majani, maua na matunda hukatwa kutoka kitambaa cha rangi moja na kushonwa juu ya uwanja wa rangi nyingine. Ushonaji huo ulikua kutokana na mafunzo yaliyoletwa na wamisionari katika karne ya 19, ukageuzwa na wanawake wa visiwa kuwa sanaa yao wenyewe. Matisse aliyaona matandiko hayo. Kufanana kwake na mbinu ya karatasi zilizokatwa kumetajwa mara nyingi, na si lazima kudaiwa kwamba alinakili ili kuona uzito wa jambo hili. Kabla ya 1946 kulikuwa na jadi hai ya watu wa Oseania ya kukata umbo la kiumbe na kulitandaza juu ya kitambaa. Hata hivyo, kazi iliyopewa jina la Oseania ilikumbuka viumbe vya visiwa, haikuwataja mafundi wake.

Ushahidi wa pili ni wa kisiasa. Mwezi Septemba 1940 Tahiti ilijiunga na Ufaransa Huru ya Jenerali de Gaulle, na vijana wa visiwa hivyo walipigana katika Kikosi cha Pasifiki, ikiwemo vita ya Bir Hakeim nchini Libya mwaka 1942. Walionusurika walirejea kwao mwaka 1946, mwaka uleule maumbo ya Océanie yalipokuwa yakibandikwa ukutani Paris. Walirejea katika koloni ambamo madai ya usawa yalikuwa yakipanda. Pouvanaa a Oopa, askari wa zamani wa Vita Kuu ya Kwanza, alikuwa sauti kuu ya madai hayo, na mwaka 1949 alichaguliwa kuwa mbunge katika Bunge la Ufaransa.

Si haki kumdai msanii mgonjwa aripoti siasa kwa mkasi. Haidaiwi hapa kwamba Matisse alikusudia kuwafuta watu. Kinachodaiwa ni kwamba mchujo uliokwisha kuelezwa haukuwa na upande mmoja tu wa faida. Kumbukumbu ilibakiza maji na mwanga. Mkasi ulibakiza ukingo. Skrini ilibakiza rangi mbili. Katika kila hatua kitu kiliachwa, na mwisho wa hatua zote kilichobaki kilifanana mno na taswira kongwe ya kikoloni ya visiwa vya Pasifiki: bustani isiyo na mwenyewe. Taswira hiyo haikuwa ya kufurahisha macho tu. Mwezi Julai 1966 Ufaransa ilianza majaribio yake ya nyuklia huko Moruroa, katika funguvisiwa lilelile la Tuamotu ambako Matisse aliogelea. Kitani hakikusababisha uamuzi huo. Lakini mtazamaji wa leo anayejua yaliyotokea katika bahari ile hawezi kuusoma uwazi wa Océanie kuwa pumzi peke yake.

Inafaa kuongeza kwamba binadamu hakutoweka moja kwa moja katika bahari ya Matisse. Mwaka 1952, huko Nice, alitengeneza La Piscine, ambamo miili ya buluu inapiga mbizi kwenye utepe mweupe unaozunguka kuta za chumba. Hapo mwili wa mtu umerudi majini. Hata hivyo, maji yenyewe yamekuwa bwawa la kuogelea, na si tena bahari ya Oseania.

5.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba maswali matatu yaliyoulizwa mwanzoni yana mzizi mmoja. Océanie, le ciel na Océanie, la mer ni dhahania katika mpangilio na za kiikoni katika umbo mojamoja, kwa kuwa zilitokana na kumbukumbu iliyobakiza viumbe na kupoteza mahali. Ni kazi kamili, kwa kuwa uchapaji wa skrini ulihifadhi ukingo wa mkasi na kuugeuza ukuta kuwa kitambaa. Na ni kazi zenye ukimya ndani yake, kwa kuwa nguvu ileile ya kuondoa iliyozaa uzuri wake iliwaondoa pia watu.

Uhakiki unaotaja uzuri na kunyamazia ukimya huo huishia kurudia kile kazi zilichokifanya. Uhakiki unaotaja ukimya na kukana uzuri nao hauwezi kueleza kwa nini vitani hivi, takribani miaka 80 baada ya kukatwa kwa mbayuwayu wa kwanza, bado vinawasimamisha watu katika makumbusho. Njia inayopendekezwa kwa tafiti zijazo ni kuvisoma vipande hivi sambamba na tifaifai za wanawake wa Tahiti za kipindi hichohicho, kama jadi mbili za kukata umbo na kulilaza juu ya kitambaa, moja ikiwa na jina la msanii ulimwenguni kote na nyingine ikiwa na majina yaliyobaki majumbani. Mbayuwayu yule alikatwa ili kufunika doa ukutani. Kazi ya mwanahistoria ni kuukumbuka uzuri wa mbayuwayu bila kusahau kwamba chini yake palikuwa na doa.